Ukinzani wa Maharage dhidi ya Batobato

Ukinzani wa maharage dhidi ya batobato ni uwezo wa kurithi unaouwezesha mmea wa maharage (*Phaseolus vulgaris*) kuzuia virusi vya batobato au kupunguza madhara yake. Virusi hivyo ni vya spishi mbili, ya kawaida na ya nekrosisi; zote huenezwa na vidukari na kwa mbegu zilizoambukizwa.

Mojawapo ya jeni zinazoleta ukinzani huo, jeni I, ni tawala: nakala moja hutosha kuukinga mmea na batobato ya kawaida, na ndiyo sababu ilipendwa na watafiti wa mbegu. Hata hivyo, ikikabiliwa na spishi ya nekrosisi, iliyoenea Afrika Mashariki, kinga hiyo huugeukia mmea wenyewe. Seli hufa, vena za majani na mizizi huwa nyeusi, kisha mmea hunyauka. Hali hii huitwa mzizi mweusi. Inaweza kudaiwa kuwa kifo hicho ni faida, kwa kuwa mmea hufa kabla ya kupitisha virusi kwenye mbegu. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu usafi wa mbegu, lakini mavuno hupotea.

Suluhisho ni kuunganisha jeni I na jeni fichu bc-3, inayohitaji nakala mbili. Jeni hii hubadilisha protini eIF4E, ambayo virusi huitegemea ili kuzaliana. Uteuzi wake ni mgumu zaidi, lakini vizuizi viwili tofauti ni vigumu zaidi kuvukwa kuliko kimoja.