Mumiani Hakukaa Ngomeni

Ukisimama ufukweni English Point, huku Nyali, ng'ambo ya maji utauona Mji wa Kale wa Mombasa, na mwisho wake kuta za Ngomeni, yaani Fort Jesus. Utotoni, kila magharibi nyanya alitufukuza ndani kwa maneno mawili: "Mumiani yuwaja!" Mimi nikaamini nyumba ya huyo mnyonya damu ni ile pale ng'ambo. Jengo kubwa vile, jeusi usiku, angekaa nani mwingine?

Ukubwani nimevuka daraja mara nyingi kwenda kuitazama. Wazungu nao huenda Romania, kwenye ngome ya Bran, kumtafuta Dracula, ingawa Bram Stoker, aliyetoa riwaya hiyo mwaka 1897, hakuwahi kuikanyaga nchi ile. Yetu haihitaji riwaya. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyesomeshwa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliwageuka, akamuua kapteni, na Wareno wa mjini wakafuata. Machi 1696 Waomani waliizingira. Maradhi yakawamaliza waliojifungia ndani, hata ilipotekwa Desemba 1698. Toka 1895 hadi 1958 ilikuwa jela.

Humo ndani kuna ukuta ambao hunisimamisha kila nikienda. Askari wa Kireno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu: watu, kanisa, na merikebu, merikebu tena, tanga juu ya tanga. Ni michoro ya watu waliotaka kwenda kwao. Mumiani sikumwona.

Kwani mumiani kwanza ilikuwa dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja kama kitu cheusi mfano wa gundi, kinachosemwa kuletwa kutoka Uajemi, cha kupaka mfupa uliovunjika au kuyeyusha kwa samli na kunywa. Lakini wengi, yasema kamusi, waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na uvumi ukizuka mji mzima haukutoka nje baada ya jua kuchwa. Dawa ikazaa mtu. Mtu naye hakupanga Ngomeni: Juni 1947 umati wa Mombasa ulishambulia kituo cha zimamoto kwa habari za wanyonya damu. Gari jekundu, mpira mrefu, wanaume wenye sare wanaotoka usiku kwa amri ya serikali ya kikoloni. Yaliyobaki mtu alijijazia mwenyewe. Na nikikumbuka vizuri, nyanya hakunyosha kidole baharini hata siku moja. Alikuwa akionyesha barabarani.

Nisiwacheke walioamini. Huku bara kwetu, Freretown, ndiko wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walikowaweka watumwa waliokombolewa, kuanzia 1875, na kengele ikatundikwa igongwe majahazi ya wakamata watu yakionekana. Wajukuu wa watu hao wakisikia fulani kachukuliwa usiku, wangeanzaje kusema ni hekaya? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kengele hiyo ingalipo, njiapanda ya Kengeleni, na matatu zimelibeba jina lake kutwa kucha bila kuitazama. Ukitoka Nyali kwenda Ngomeni, anzia hapo.