Hukumu ya Digital Rights Ireland

Hukumu ya Digital Rights Ireland ni uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya wa tarehe 8 Aprili 2014, uliobatilisha Agizo 2006/24/EC la umoja huo. Agizo hilo, lililopitishwa baada ya mashambulizi ya mabomu ya Madrid (2004) na London (2005), lilizitaka kampuni za simu na intaneti zihifadhi kumbukumbu za mawasiliano ya wateja wote kwa miezi 6 hadi 24. Mazungumzo yenyewe hayakuhifadhiwa. Kilichowekwa ni nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na kupitia mnara upi. Mahakama ilieleza kuwa kumbukumbu hizo zikiunganishwa hufichua mazoea ya mtu, makazi, safari na watu anaohusiana nao. Kasoro mojawapo ni kwamba agizo halikuwalazimisha polisi kupata kwanza kibali cha mahakama au chombo huru. Mwaka 2016, katika kesi ya Tele2 Sverige, sharti hilo lilielekezwa kwa sheria za nchi wanachama, isipokuwa wakati wa dharura. Mwaka 2021, katika kesi iliyotoka Estonia, iliamuliwa kuwa mwendesha mashtaka anayeongoza upelelezi hawezi kutoa kibali hicho.