Mwendokasi umezidi, mwendokasi imefika

Zamani mwendokasi ulikuwa kosa tu. Basi likipinduka, taarifa ya polisi ilitaja chanzo: mwendokasi. Mei 2016 mabasi ya mradi wa DART jijini Dar es Salaam yakaanza kupakia abiria kati ya Kimara na Kivukoni, na tawi lake likafika Morocco, Kinondoni. Jina rasmi lilikuwa Mabasi Yaendayo Haraka. Nani atalitaja jina lote hilo kituoni? Watu wakachukua neno la polisi wakalifanya la sifa.

Sarufi nayo ikahama. Mwendo ni wa ngeli ya U-I, kwa hiyo mwendokasi *umezidi*. Lakini mtu wa Mbagala husema mwendokasi *imefika*, *zimejaa*. Wapo walimu wanaosahihisha. Mimi naona wanapoteza wino. Hapo neno limeshakuwa chombo, limeingia I-ZI pamoja na treni na daladala.

Wenye fedha hawaamui jina. Benki ya Dunia ilikopesha awamu ya kwanza, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasaidia ile ya Mbagala, jina likatoka kituoni. Hata treni ya abiria ya jijini iliyoanza Oktoba 2012, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, mitaani iliitwa treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule.

Sasa wataalamu wanatuletea "reli nyepesi", tafsiri ya "light rail" ya Kiingereza. Nyepesi kwa nani, anayeilipia? Tafsiri hiyo imefuata Kiingereza neno kwa neno mno. Mimi napendekeza treni ya mjini. Msomaji wa Temeke, wewe ungeiitaje?