Lugha ya Mafumbo ya Aljebra Arua na Koboko: Mtazamo wa Kihistoria

Makala haya yanadai kwamba ugumu wa mafumbo ya aljebra yenye visivyojulikana zaidi ya kimoja una historia katika Nile Magharibi, nayo ni historia ya lugha. Kiswahili kilifika huko kwa njia ya kambi za askari na masoko. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini hesabu ilibaki ya Kiingereza. Mtaala wa 2007 uliweka lugha za wenyeji, Kilugbara kikiwamo, katika madarasa matatu ya mwanzo. La nne ni la mpito, kisha Kiingereza. Mwanafunzi huikuta aljebra akiwa ameachishwa lugha yake.

Tuchukue mfano wa sokoni. Madebe 2 ya muhogo na 1 la karanga ni shilingi 100,000. Debe 1 la muhogo na 2 ya karanga ni 140,000. Ukijumlisha, madebe matatu ya kila bidhaa ni 240,000, hivyo moja moja ni 80,000. Zitoe katika 100,000: muhogo ni 20,000, karanga 60,000. Herufi hazikuhitajika, hata al-Khwarizmi, katika karne ya 9, alitumia maneno matupu, na kisichojulikana alikiita “kitu”. Ngeli nazo husaidia: “unauzwa” na “zinauzwa” hutenganisha bidhaa hata zisipotajwa.

Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kukifundisha kama somo tu, bila kukipa kazi ndani ya hesabu, ni kuurudia mwaka 1973.