Urefu wa Boriti

Anayeingia katika nyumba ya zamani ya mawe mjini Lamu huona upesi kwamba vyumba vyake ni virefu, lakini ni vyembamba mno. Upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita tatu hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa tajiri na kiwanja chake kikubwa. Ni rahisi kudhani kwamba wajenzi walibanwa na msongamano wa mji. Sababu yenyewe iko darini. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa sambamba, juu yake yakalazwa mawe ya matumbawe, kisha ikamiminwa na kushindiliwa chokaa nzito. Boriti iliyovuka nafasi pana kuliko hiyo hupinda kwa uzito. Kwa hiyo fundi aliyetaka chumba kikubwa hakuweza kukipanua. Aliweza kukirefusha tu, au kuongeza kingine nyuma yake.

Ili kuelewa jinsi nyumba ya namna hii ilivyozaliwa, inafaa kuanza na kile ambacho pwani yenyewe iliwapa watu. Kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa na kusini zaidi, miamba ya matumbawe imeandamana na ufuko, mikoko imejaa kwenye vijito vya maji ya chumvi, minazi na mikoma hutoa majani ya kuezekea, na udongo wa kukandika haukosekani. Wakazi wa mwanzo walichagua vilivyo vyepesi. Katika kisiwa cha Pate, kwenye magofu ya Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta makazi yaliyoanza karne ya 8, yenye nyumba za miti na udongo. Hata misikiti ya kwanza ya mahali hapo ilijengwa kwa miti.

Jiwe lilikuja baadaye, na lilikuja kwa msikiti kabla ya nyumba. Matumbawe ya aina laini yalikatwa baharini yangali hai, yakachongwa kabla hayajakauka, kisha yakawa magumu hewani. Kazi hiyo ilihitaji wapiga mbizi, mafundi wa kuchonga na muda mwingi, na jambo hilo pekee linatosha kueleza kwa nini jamii iliyatumia kwanza katika jengo la wote. Kadiri karne zilivyosonga, mafundi walielekea kwenye njia nyepesi zaidi: kuchimba nchi kavu mawe magumu ya matumbawe ya kale, kuyapanga bila kuyachonga sana, na kuyashikamanisha kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilitoka katika matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo kubwa la kuni. Kufikia karne ya 14 njia hii ilikuwa imeenea, na ndipo nyumba za watu binafsi zilipoanza kujengwa kwa mawe kwa wingi.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliandika kwamba ujenzi huu uliletwa ukiwa tayari na walowezi kutoka Uarabuni au Uajemi. Hoja yao haikuwa bure: miji ilikuwa ya Kiislamu, biashara ilivuka bahari, na masimulizi ya miji mingi yanataja asili ya Shirazi. Lakini ushahidi wa Shanga unaelekea upande mwingine. Pale msikiti wa mawe ulisimama juu ya mabaki ya misikiti ya miti iliyoutangulia, tabaka juu ya tabaka. Mahali pakibaki palepale huku vifaa vikibadilika hatua kwa hatua, ni vigumu kusema kwamba mgeni alishuka na ramani mkononi. Mbinu fulani huenda zilivuka bahari pamoja na mabaharia, kama zilivyovuka bidhaa na maneno. Mpango wa nyumba, kwa maoni yangu, ulikuwa wa wenyeji.

Ushahidi wa maandishi nao unataka uangalifu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake, ila akasema umejengwa kwa mbao. Wakati huohuo Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umesimama kwa mawe, na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alikuwa na jumba kubwa la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Wako wanaodhani kwamba mwandishi au mnakili alikosea. Wengine husema kwamba majengo ya mawe yalikuwa machache bado, na mgeni aliyapitia mamia ya nyumba za miti na makuti zilizoyazunguka. Maelezo ya pili yananiridhisha zaidi, kwa sababu Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 nao walieleza nyumba za mawe na chokaa zikiwa pamoja na nyumba za miti.

Jambo hilo lisisahaulike tunapoisifu nyumba ya mawe. Ilikuwa ya waungwana, na sehemu kubwa ya kubeba mawe na kuchoma chokaa ilifanywa na watumwa. Watu wengi wa miji hiyo waliishi chini ya makuti, ndani ya kuta za udongo na fito, katika nyumba ambazo upepo ulipenya vizuri kuliko katika nyumba nyingi za mawe.

Lamu, ambayo nyumba zake kubwa zilizobaki ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, inaonyesha umbo hili lilipokomaa. Nje kuna daka, baraza lenye viti vya mawe pande zote mbili za mlango, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wageni bila kuwaingiza. Baada ya mlango unafuata ukumbi mdogo wa tekani, na njia hupinda, hivi kwamba mpita njia haoni kitu hata mlango ukiwa wazi. Kisha kuna kiwanda, uwanja usioezekwa, ambao ndio mapafu ya nyumba: mwanga na hewa vyote hupitia hapo, kwa kuwa kuta za nje hazina madirisha mengi. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kwa safu, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na sakafu hupanda kidogo katika kila hatua huku mwanga ukipungua. Nyuma kabisa kuna nyumba kati, mahali pa kujifungulia na pa kuoshea maiti.

Wataalamu wamebishana kuhusu sababu ya mpangilio huu. Wengine hutaja hali ya hewa: kuta nene huchelewesha joto, na kiwanda kinachoelekea kaskazini hupata upepo wa kaskazi. Wengine hutaja dini, kwa kuwa kutoka Lamu kibla nacho kiko upande wa kaskazini. Wengine tena hutaja heshima ya familia, iliyowaweka wanawake mbali na macho ya barabarani. Sioni haja ya kuchagua sababu moja na kuzitupa nyingine. Hata hivyo, joto peke yake lisingeweza kuelekeza nyumba kati iwekwe nyuma kabisa, wala lisingeeleza wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Binti alipoolewa alipewa sehemu ya nyumba, mara nyingi ghorofa mpya juu ya ile ya wazazi. Kupitia wikio wanawake walitembeleana bila kushuka barabarani, na kichochoro kilicho chini kikapata kivuli.

Zidaka, yale matundu yaliyopangwa kwa safu katika ukuta wa ndani, yana mjadala wake. Vyombo vya kaure kutoka China viliwekwa humo, kwa hiyo ni dhahiri kwamba utajiri ulionyeshwa. Mtafiti Linda Donley alikusanya maelezo ya wenyeji waliosema kwamba vyombo hivyo pia vilizuia jicho la hasadi na shari nyingine. Katika chumba chembamba chenye giza, ukuta mweupe uliotobolewa hivyo hukifanya kionekane kirefu zaidi, nami nashuku fundi alilijua hilo vizuri.

Birika la kuogea linafichua ujuzi wa aina nyingine. Maji yaliyotuama huzaa mbu, basi samaki wadogo waliwekwa ndani yake ili wale mabuu. Chini ya birika ilizamishwa bakuli ya kaure, maji yakibaki humo birika linapokauka, na samaki wakaendelea kuishi.

Boriti zenyewe zilisafiri. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za Lamu na za delta ya Rufiji hadi Ghuba, ambako miti ni adimu. Nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti hizo, na vyumba vyake vikawa vyembamba vilevile, kwa sababu ileile.

Karne ya 19 ilileta mabadiliko ya haraka zaidi. Zanzibar ilikuwa makao ya Masultani wa Busaidi, na fedha za karafuu na watumwa zilivuta wafanyabiashara wa Kihindi. Wahindi walijenga nyumba zinazotazama barabara, zenye duka chini na roshani za mbao juu. Mabati yalipoingia, mapaa mengi bapa yaliyovuja yalifunikwa, na nyumba ikapata paa la mgongo ambalo haikuundiwa.

Kisha ikaja saruji. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda ukutani kutoka ardhini hutoka polepole kupitia plasta. Plasta ya saruji huuzuia unyevu huo ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya miaka kadhaa plasta hubanduka huku ncha za boriti zikioza ndani ya ukuta. Ndiyo maana mafundi wa ukarabati katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, hurudia chokaa hata pale mwenye nyumba anapolalamikia muda unaopotea. Kwa upande wa nyumba mpya, zege na nondo zimeondoa kabisa kikomo cha mita tatu. Chumba sasa kinaweza kuwa na upana wowote ambao mfuko unaruhusu. Madirisha yamehamia ukuta wa nje, na kiwanda, kwa kuwa kinakula kiwanja ambacho kingeweza kupangishwa, mara nyingi ndicho cha kwanza kufutwa kwenye mchoro.