Mpasuajiwe, Si Sikio la Tembo

Kamati moja ya istilahi imeupa mmea wa begenia jina la "sikio la tembo". Jina hilo limebebwa zimazima kutoka Kiingereza cha watunza bustani, na walioliidhinisha hawakujiuliza Mswahili akilisikia atawaza nini. Atawaza jani la gimbi. Gimbi huota bondeni penye maji. Begenia ni wa milimani, huishi miaka na miaka katika nyufa za miamba ya Himalaya na Altai, na majani yake ni manene na magumu kama ngozi ya kiatu. Ukilisugua jani lake kwa kidole gumba, hulia kama mtoto wa nguruwe.

Nilipendekeza mpasuajiwe, na bado nalishikilia. Wenyeji wa Himalaya upande wa India huuita pashanbheda, neno la Kisanskriti: pashana ni jiwe, bheda ni kupasua. Kilatini nacho kilifika papo hapo. Mwaka 1753 Linnaeus aliuweka begenia wa Siberia katika jenasi ya Saxifraga: saxum ni jiwe, frangere ni kuvunja. Jina la Bergenia lilikuja baadaye sana, mwaka 1794, Moench alipotaka kumuenzi Mjerumani mwenzake, Karl August von Bergen. Lugha mbili za kale zimelitaja jiwe. Kwa nini Kiswahili kipewe sikio?

Pendekezo langu lilirudishwa na mstari mmoja tu: wasomaji watasoma "mpasuaji". Na wasome! Mpasuaji ndiye atoaye vijiwe vya figo hospitalini, na mmea huu hunywewa kwa ajili ya vijiwe hivyohivyo. Muundo wenyewe si mgeni. Tunao vunjajungu, tunao kifauongo, tunao mnukauvundo. Watu walimtazama mdudu, wakaugusa mmea, wakaunusa mwingine, wakasema walichokiona bila kuitisha kikao. Wapo pia wanaotaka "mvunjajiwe". Hao hawajatofautisha vitenzi. Kuvunja kunataka pigo. Kupasua hufuata ufa, kama shoka linavyofuata mshipa wa gogo, na tunguu la begenia hutambaa ndani ya ufa wa mwamba.

Kuhusu matumizi: tunguu hukaushwa, likapondwa na kuchemshwa, likanywewa kwa vijiwe vya figo na kibofu. Huko Altai majani makuukuu, yaliyokwisha kuwa meusi mmeani, hufanywa chai.

Nimelipeleka pendekezo tena, safari hii na maelezo ya kila silabi. Nawe mwalimu, mfasiri au mwandishi wa vitabu vya mitishamba, usingoje muhuri wa kamati. Andika mpasuajiwe, wingi mipasuajiwe, neno moja lisilo na kistari.