Kusawazisha au kulandanisha?

Simu na kompyuta zinazoongea Kiswahili hutuambia "sawazisha" zinapotaka data za vifaa viwili zilingane. Neno hilo tunalijua uwanjani: timu iliyofungwa husawazisha bao. Greda nalo husawazisha barabara, likikata kilima na kufukia shimo. Kwa kazi ya waandishi wa programu, naona halitoshi.

Fikiria washirika wawili wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita, kila mmoja na daftari lake la viroba vya mawe vilivyokwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Jioni wanasomeana. Aliyekosa mstari anaunakili, hakuna anayefuta. Ndivyo inavyofanya kazi Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005: kila mashine hubeba historia yote ya msimbo. Kwa hiyo kompyuta mbili zinaweza kupelekeana mabadiliko moja kwa moja, kwa waya zikiwa meza moja, au kwa flashi iliyopanda basi kutoka Shinyanga hadi Geita, bila seva yoyote katikati. Intaneti ikikatika, kazi haisimami. Hilo nalipenda sana.

Hapo neno langu ni "landanisha", kutoka landana, yaani kufanana, kulingana. Lakini waandishi wawili wakiwa wamebadili mstari uleule kila mmoja kivyake, Git haichagui. Husimama na kuwaachia wenyewe waamue. Nimesikia hali hiyo ikiitwa "mgogoro". Mimi nasema mgongano. Mgogoro una kinyongo ndani yake, na hapa hakuna aliyemkosea mwenzake.